Kengele Mpya ya Pieve Zirone na Mikanda Yangu ya Taimingi

Gereji ya Montanari,
Barabara ya Tuta, Pieve Zirone.
Jumanne, tarehe 7 Oktoba.

Mheshimiwa Padre Ermes,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili na wa koo, baada ya mafua yale yaliyokupata kwenye sikukuu. Mimi mwili hauna neno. Ninayokuandikia ni ya masikio.

Naandika badala ya kuja, ingawa kutoka gereji yangu mpaka mlango wako ni hatua mia mbili, kwa sababu mara zote mbili nilizokuja tulianza na kengele tukaishia kwenye kahawa. Wewe una namna ya kumkubalia mtu kila kitu mpaka anajikuta yuko nje, anashukuru, na hajapata chochote. Karatasi hainywi kahawa.

Una miaka miwili tu hapa, na huenda unanijua kama yule mzee anayesimama nyuma karibu na mlango wakati wa misa. Jina langu ni Learco Montanari, fundi wa pikipiki, umri wangu miaka sitini na minane. Kwa miaka thelathini na moja nimewabadilishia mikanda ya taimingi watu wa Pieve na wa vijiji vyote vya upande huu wa mto. Mkanda huo, Padre, ni mpira wenye meno. Ndio unaoziambia valvu zifunguke lini na zifunge lini. Ukilegea unaruka jino, valvu inakutana na pistoni, na hapo hata sala zako hazisaidii. Ukikazwa mno unapiga mluzi na kuzila beringi polepole. Katikati pana mahali pamoja tu, pembamba kama ukucha, na mahali hapo pana sauti. Ukiudonoa mkanda mpya kwa kidole gumba, kama mtu anayedonoa uzi wa gitaa, nao ukakujibu La, ile noti ya sita ya do-re-mi, umemaliza. Kaza boli, nawa mikono, nenda ukale.

La hiyo nimekuwa nikiichukua kwenye kengele yako. Kila siku inapokaribia saa sita mchana nazima redio, nazima kompresa, nafungua mlango wa uani, nasubiri kidole kikiwa juu ya mkanda. Sauti ikija, nadonoa. Mkanda ukiimba nayo, ghorofa mbili za muziki chini yake, yaani La ile ile ila nzito zaidi, basi. Wenzangu wa mjini wana vyombo vya kupimia. Mimi sijawahi kumwomba mtu namba.

Kengele ya zamani ilipasuka Pasaka. Kwa hilo sikulaumu, ilikuwa na miaka mia na themanini na kila mtu hupasuka siku yake. Ukaipeleka kiwandani ikayeyushwa, ikarudi Jumapili tarehe 25 Mei ikiwa na utepe mwekundu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Makofi hayo nayaondoa. Tangu wiki ile, kila mkanda unaotoka mikononi mwangu umepanda nusu sauti, hatua moja ndogo ya piano. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba sauti ya kengele ilibadilishwa bila kumshauri fundi. Uliunda kamati. Ndani yake aliketi mfamasia, akaketi mwalimu wa piano, akaketi yule bwana anayeuza madirisha. Mtu pekee kijijini anayefanya kazi na kengele hiyo kila siku hakuulizwa lolote. Najua utanionyesha cheti cha kiwanda kinachosema kwamba mpya ni La, sawasawa na ile ya kale. Nimekiona, umekitundika karibu na maji ya baraka. Cheti hakilii.

2. Kwamba wanyama wameteseka. Daktari Fulvia Ghirardini, yule wa mifugo, huenda kwa wagonjwa wake kwa pikipiki, na pikipiki hiyo ni mimi peke yangu niliyewahi kuigusa tangu ainunue. Mwanzoni mwa Juni nilimbadilishia mikanda. Siku ya tatu akarudi, akasimama mlangoni hata hakushuka.

"Learco, umeniwekea nini humu? Inalia kama nguruwe anayevutwa mkia."

Nikamwambia mikanda ni mipya, itazoea.

"Hata mimi nitazoea," akasema. "Nguruwe ndio hawazoei. Nikiingia uwanjani kwa watu wanadhani mwenzao ameshakamatwa."

Hakutia chumvi. Kwa akina Zagni, nguruwe jike wa kilo mia mbili na ushei aliisikia pikipiki ikikata kona, akavunja uzio, akapita katikati ya nguo zilizoanikwa, akatokea barabara kuu amejitanda shuka nyeupe ya kitanda cha watu wawili. Basi la kwenda Modena lilisimama likampisha kwa adabu, kama linavyowapisha maharusi. Mzee Zagni hajapata shuka yake mpaka leo.

3. Kwamba nimechafuliwa jina. Walmer unamjua, yule mstaafu wa posta ambaye sasa kazi yake ni kukaa baa na kujua mambo. Mbele ya watu wote, karata mkononi, alinitazama kwa huruma akasema, "Learco, usijali. Dada yangu naye alianza hivyo hivyo."

"Alianza vipi?"

"Kuwasha televisheni kwa sauti kubwa."

Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga mvinyo. Kesho yake akaja gereji na simu yake, ambayo ameiwekea programu ya kusikiliza mkanda na kutoa namba. Nilidonoa, simu ikasoma mia na kumi na saba. "Inatakiwa mia na kumi," Walmer akasema. "Kengele ni ile ile, mzee mwenzangu. Kilichobadilika ni masikio." Basi nikamshika mkono, yeye na simu yake, mpaka chini ya mnara. Kengele ilipolia simu ilitoa namba tatu tofauti kwa pumzi moja, na ya mwisho ilikuwa ya mbu. Nikamwambia, "Unaona? Hata simu yako imechanganyikiwa." Akajitetea kwamba kengele ina sauti nyingi ndani yake. Nikamwambia hata mimi ninazo, ila najizuia.

4. Hapa naingia katika eneo lako, na naomba unistahimili. Tangu Mei umefungisha ndoa nne chini ya kengele hiyo. Moja ni ya akina Bandieri, ambao mimi nao tunatenganishwa na ukuta wa tofali moja. Kufikia Agosti bibi harusi alikuwa amemtupia bwana harusi viatu dirishani, mguu mmoja mmoja, siku mbalimbali. Sisemi ndoa hizo ni batili, mimi si mwanasheria wa Kanisa. Nasema zimekazwa mno. Tena yule mtoto wa Corradini uliyembatiza Julai analia kwa sauti ambayo haimo kwenye piano, nimemuuliza mwalimu mwenyewe. Na muumini wa kawaida, Padre, akishagundua kwamba La ya kanisa lake si La, ana haki ya kuanza kujiuliza kuhusu Amina.

5. Kuhusu sikukuu ya kubariki pikipiki, Jumapili ya kwanza ya Septemba. Nilitaka kunyamaza, lakini umelisema mara mbili katika mahubiri na sasa limefika mpaka parokia ya jirani. Unakumbuka: pikipiki kumi na moja zimepangwa mbele ya kanisa, wewe na maji ya baraka, kengele ikaanza, na wote wakawasha injini kwa pamoja. Ukafumba macho. Ukainua mikono, ukabaki hivyo muda mrefu, maji yakikutiririka ndani ya mkono wa kanzu, na baadaye ukawaambia watu kwamba ulisikia kitu cha juu sana, chembamba, chenye sauti moja, kama kwaya isiyo ya dunia hii.

Padre, ile ilikuwa mikanda. Zote kumi na moja nilizifunga mimi. Siku ile sikukwambia kwa sababu ulikuwa na furaha mno.

6. Hili la mwisho sitanii.

Baada ya sikukuu niliamua kujirekebisha mwenyewe, bila kamati. Nilifikiri hivi: kama kengele imepanda nusu sauti, basi mimi nitaisikia, nitaishusha nusu sauti kichwani, nitaipeleka mpaka kwenye mkanda. Daktari Ghirardini akaniachia pikipiki asubuhi. Saa sita ikafika, nikasikia, nikashusha, nikawa naitunza La yangu kwa kuivumia puani. Kutoka mlangoni mpaka kwenye pikipiki ni hatua tano. Kwenye hatua ya tatu lori la maziwa likapiga honi barabarani. Nilijiambia bado ninayo. Nikadonoa, nikaridhika, nikakaza boli.

Jioni ile ile daktari alipigiwa simu na akina Zagni, ng'ombe ameshindwa kuzaa. Akiwa juu ya tuta la mto, mkanda wa nyuma ukaruka jino. Valvu mbili zikapinda, injini ikanyamaza. Mvua ilikuwa inanyesha. Alitembea kilomita nne kwenye tope na mkoba wake wa vyombo kichwani, akafika amelowa, akavua koti, akaingiza mkono. Ndama alitoka kinyumenyume, akiwa hai, mama yake pia hai, namshukuru Mungu. Wakamuuliza daktari ndama aitwe nani. Akasema, "Mwiteni Learco. Amechelewa, amekuja kinyume, na hakuna aliyemwomba anisumbue hivi."

Hilo lilinifikia siku hiyo hiyo, baa haikosi habari. Nikacheka pamoja na wengine. Asubuhi nilikwenda na trela kuichukua pikipiki. Yeye alikuwa amesimama pale tutani, hakunitukana hata kidogo. Alisema, "Bwana Montanari, nifahamishe itakapokuwa tayari."

Padre, mama huyu ananiita Learco tangu alipokuwa mwanafunzi na pikipiki yake ya kwanza ya mkopo. Siku alipomzika baba yake alikuja gereji, akakaa juu ya tairi, akalia, akaondoka. Sasa mimi ni Bwana Montanari. Kwa hilo hakuna boli la kulegeza.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mambo haya matatu, lolote litakalokuwa jepesi kwako.

Ama kengele ishushwe kutoka mnarani kwa siku moja, nami nitaisugua ndani kwa grainda mpaka irudi ilipokuwa. Grainda ninayo, miwani ninayo, na kazi hiyo nitaifanya kwa moyo wa sadaka.

Ama, kengele ikibaki ilivyo, wewe mwenyewe upande mnarani kila siku saa sita na kuimba La kwa sauti yako. Nimekusikia ukiimba wakati wa misa na najua ombi hili lina hatari zake.

Ama Jumapili ijayo, kabla ya matangazo ya mnada wa keki, utamke kutoka altareni maneno haya machache: kwamba kosa ni la kengele, wala si la masikio ya Learco Montanari. Walmer hukaa safu ya nne upande wa kushoto. Ukiweza, mwangalie.

Nisipopata jibu, nitalazimika kumwandikia Askofu nikimwomba aweke La moja rasmi kwa jimbo zima, maana leo ni mikanda, kesho itakuwa saa za watu, keshokutwa Krismasi yenyewe itaanza kuja nusu siku mapema.

Nisalimie mama yako, na umwambie ile mashine yake ya kushonea iko tayari. Msalimie mtunza sakristia, wanakwaya wote wa sauti ya kwanza na wa sauti ya pili, wanakamati mmoja mmoja, hata yule wa madirisha, na paka wa nyumba ya mapadre ambaye hajanikosea kitu. Nakutakia kazi njema na msimu mwema wa zabibu.

Ni mimi muumini wako mtiifu, mwenye nusu sauti ya ziada asiyoiomba,

Learco Montanari,
fundi.

Nyongeza, Jumanne tarehe 14 Oktoba.

Padre, barua hii haikuondoka. Iole, mke wangu, alisema atakuletea mwenyewe akienda sokoni. Badala yake aliisoma, akaiweka juu ya friji. Siku iliyofuata, tukiwa mezani mchana, akaanza:

"Learco. Kengele ilikuwa kiwandani tangu Pasaka mpaka mwisho wa Mei. Wiki tano."

Nikasema ndiyo, wiki tano.

"Ndani ya wiki hizo ulifunga mikanda ya pikipiki ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. Tisa. Zote ziko barabarani, hakuna hata moja inayopiga mluzi.

"Sasa saa sita mchana ulikuwa unachukua La kwa nani?"

Nikaweka uma chini.

"Ni nani," akaendelea, "anayefungua dirisha la jikoni, hapa juu ya uani kwako, kila siku saa sita kamili, akaita 'Learcooo, mezani!' kwa miaka thelathini na moja, kengele iwepo isiwepo?"

Nikamwambia nilikuwa nikimsikia, bila shaka, kila siku.

"Wewe ulikuwa ukinisikia," akasema. "Mkanda ndio uliokuwa ukinisikiliza."

 Nikauliza, kama fundi tu, kwa nini basi sauti ilipanda nusu mwishoni mwa Mei.  Iole aliinuka, akaiondoa kalenda ukutani, akairudisha nyuma mpaka Mei, akaweka kidole juu ya Jumamosi tarehe 24. Kulikuwa na duara la kalamu nyekundu na namba arobaini. Miaka arobaini ya ndoa yetu, Padre. Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye uwanja wa mbio na pikipiki ya mteja, nikarudi jioni nimefurahi, nikamwambia nimemletea kofia ya bure.

"Tangu siku hiyo," akasema, "kila nikikuita mezani nina neno jingine nimelibana chini ya ulimi."

Nilimuuliza ni neno gani. Akaniambia. Halifai kuandikiwa padre.

Alhamisi nilifunga gereji, siku ya kazi, jambo ambalo sijalifanya tangu mazishi ya mama yangu. Nikampeleka Comacchio, kule pwani, kula mikunga ya kuchoma, wale samaki warefu, kama alivyokuwa ametaka Mei. Kwenda, aliongea njia nzima na mimi nikamsikiliza. Kurudi, alilala na kichwa chake begani kwangu, nami nikaendesha gari polepole kuliko ninavyoruhusu mtu yeyote aendeshe.

Jana saa sita nilikuwa na pikipiki ya Daktari Ghirardini juu ya stendi, valvu mpya, mikanda mipya. Dirisha likafunguka. "Learcooo, mezani!" Nikadonoa. Mkanda ukaitika pamoja naye, ghorofa mbili chini, laini kabisa. Walmer, ambaye alikuwa anapita tu, kama anavyopita tu kila siku, akachomoa simu yake akaisoma. "Mia na kumi," akasema. Akaitazama simu, akatazama dirisha, akaenda zake bila hata kunitania.

Leo asubuhi daktari amekuja kuichukua. Aliiwasha, akainamisha sikio, akaiacha ingurume mpaka nikaanza kutokwa jasho. Nilimweleza kisa chote, cha Iole na dirisha na kalenda. Akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akavaa helmeti, akapandisha kioo, akasema, "Haya, Learco," akaondoka. Nguruwe wa jirani hakuinua hata kichwa.

Kwa hiyo kengele yako haina kosa lolote. Ni kengele nzuri, cheti ni cha kweli, kamati ilifanya kazi yake, na malalamiko namba moja mpaka tano nayafuta. Lile la sita lilikuwa langu mwenyewe tangu mwanzo. Nilitaka kuichana barua yote, ila Iole amesema, "Itume hivyo hivyo, padre amjue muumini wake."

Ningeongeza neno moja la kuomba radhi, lakini imeshapita saa sita na Iole ameniita kwa mara ya pili, na hiyo ya pili haikuwa La. Nakimbia.